Sultani Salahuddin al-Ayyubi na Wachimbaji wa Chini ya Kuta

Shukurani zote ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baad:

Wazee wa chama wameniomba niandike khabari za mmoja katika wakubwa wa Kiislamu waliotutangulia, ili ziwemo katika kijitabu hiki cha kumbukumbu, watoto wetu wazisome na wakubwa wakumbushane. Nimemchagua Sultani Salahuddin Yusuf bin Ayyub. Jina lake si geni. Ni nadra kuikuta nyumba ya Kiislamu isiyolijua. Lakini wengi wetu twamjua kwa farasi na upanga tu. Mimi nataka kumweleza kwa upande usioelezwa sana, nao ni upande wa watu waliofanya kazi chini ya ardhi, kwa sururu na taa na magogo, wakaangusha kuta ambazo panga elfu moja zisingaliweza kuziangusha. Nitaeleza vipi Sultani huyu aliwatumia watu hao, na vipi kazi yao hiyo hiyo ilimgeukia yeye mwenyewe.

Kuzaliwa kwake na kulelewa kwake

Salahuddin alizaliwa katika mwaka 532 wa Hijra, nao waangukia baina ya 1137 na 1138, katika husuni ya Tikrit, ukingoni mwa mto Tigris katika nchi ya Iraq. Baba yake, Najmuddin Ayyub, alikuwa Mkurdi, na ndiye aliyekuwa mlinzi wa husuni ile. Ami yake, Asaduddin Shirkuh, alikuwa askari hodari mwenye hasira nyepesi. Ikatokea Shirkuh akamwua mtu kwa ugomvi, na jamaa nzima ikaamriwa itoke Tikrit. Wapokezi wa khabari husema kuwa usiku waliotoka ndio usiku aliozaliwa mtoto huyu. Basi Salahuddin alianza maisha yake kwa kuhama, wala hapana aliyemdhania kuwa kheri yoyote itatoka katika usiku ule.

Jamaa wakaenda Mosul kwa Imaduddin Zengi, ambaye Najmuddin aliwahi kumsaidia kuvuka mto siku aliposhindwa vitani. Zengi hakuisahau fadhila ile. Alipouteka mji wa Baalbek katika mwaka 1139 alimfanya Najmuddin kuwa gavana wake, na huko ndiko alikokulia Salahuddin.

Alipokuwa mtoto wa miaka sita au saba, ilikuja khabari iliyotikisa nchi zote za Sham. Zengi ameuteka mji wa Ruha! Mji huo ulikuwa mkononi mwa Wafaranji tangu 1098, na kuta zake zilikuwa imara mno. Zengi aliuzingira mwishoni mwa Novemba 1144, na kabla ya Desemba kwisha ulikuwa umekwisha anguka. Haukuangushwa kwa ngazi wala kwa njaa. Uliangushwa na wachimbaji aliokuja nao, watu wa Khurasan na wa Halab, waliojifukia chini ya ukuta mpaka ukalala. Bila shaka mtoto yule alizisikia khabari hizi zikisimuliwa barazani kwa baba yake.

Kazi yenyewe ilivyokuwa

Yafaa tusimame kidogo tuieleze kazi hii, kwani asiyeijua hatafahamu yatakayofuata.

Ukuta wa mawe, hata uwe mnene namna gani, hauna nguvu ila ya ardhi inayoubeba. Wachimbaji walikuwa wakisogea chini ya kipaa cha mbao kilichofunikwa ngozi mbichi, ili mishale na moto kutoka juu visiwapate. Walipofika karibu waliingia ardhini, wakachimba njia nyembamba hata kufika chini ya msingi. Hapo ndipo penye hatari. Kila walipotoa jiwe walitia nguzo ya mti mahali pake, jiwe kwa nguzo, jiwe kwa nguzo, hata sehemu kubwa ya ukuta ikawa imekaa juu ya miti tu, na walio juu yake hawana khabari. Kisha wakaijaza njia ile kuni kavu na mafuta, wakatia moto, wakakimbia. Nguzo zikaungua, na ukuta ukashuka kwa uzito wake wenyewe.

Walio ndani ya mji nao hawakuwa wajinga. Waliweka vyombo vya maji juu ya ardhi wakayatazama; maji yakitetemeka pasipo upepo, wakajua kuwa chini yao wako watu. Nao wakachimba kutoka ndani kuwaendea, na mara nyingine makundi mawili yakakutana gizani na kupigana kwa visu na sururu. Waliokufa humo hawakuhitaji kuzikwa. Jemadari mwenye akili hakuanza kazi hii ila ameijua ardhi, kwani penye mwamba mgumu au handaki refu mbele ya ukuta, kazi hii ilikuwa ngumu sana.

Kupanda kwake

Zengi aliuawa katika mwaka 1146, na mwanawe Nuruddin Mahmud akashika mahali pake. Nuruddin alikuwa mtawala mchaji Mungu na mpenda haki, na Salahuddin alilelewa katika khidma yake. Katika mwaka 1164 Nuruddin alimpeleka Shirkuh Misri pamoja na jeshi, na Shirkuh akamchukua mtoto wa nduguye. Salahuddin mwenyewe hakuipenda safari ya Misri. Katika safari ya pili, mwaka 1167, aliachwa Iskandaria na askari wachache, akazingirwa humo zaidi ya miezi miwili pamoja na watu wenye njaa. Hapo alijifunza mazingiwa kwa upande wa ndani ya ukuta, na hilo ni somo ambalo majemadari wengi hawakulipata.

Safari ya tatu, mwaka 1169, Shirkuh akawa waziri wa Misri, lakini baada ya miezi miwili tu akafa. Uwaziri ukamwangukia Salahuddin, naye ana miaka thelathini na kitu. Twaambiwa kuwa tangu siku ile aliacha mchezo na anasa za ujana. Katika mwaka 1171 ukhalifa wa Kifatimi ukaisha, na khutba za Misri zikarejea kusomwa kwa jina la Khalifa wa Baghdad. Nuruddin alipofariki mwaka 1174, Salahuddin aliingia Dimashki, na ikamchukua miaka mingi baada ya hapo kuziunganisha nchi za Waislamu, hata Halab ikamfungulia mlango katika mwaka 1183. Tusifiche kuwa katika miaka hiyo alipigana na Waislamu wenziwe zaidi ya alivyopigana na Wafaranji. Hilo lilimwuma, na maadui zake walimlaumu kwalo.

Nyumba ya Huzuni

Sasa nafika katika jambo lililonifanya nichague maudhui haya.

Juu ya mto Jordan, kaskazini ya ziwa la Tabariya, pana kivuko. Watu wa nchi ile waliamini kuwa hapo ndipo Nabii Yaakub (A.S.) alipokuwa akimlilia mwanawe Yusuf, wakapaita Baitul Ahzan, yaani Nyumba ya Huzuni. Katika Oktoba 1178 mfalme Baldwin wa 4, kijana mwenye maradhi ya ukoma lakini mwenye moyo mkubwa, alianza kujenga husuni mahali pale, akaikusudia kuwapa askari watawa walioitwa Dawiya. Toka hapo hata Dimashki ni mwendo mdogo kwa jeshi la farasi. Husuni ile ilikuwa kisu kilichowekwa kooni.

Salahuddin hakuanza kwa vita. Alipeleka wajumbe, akataka kuinunua husuni ile ili ivunjwe. Alitoa dinari 60,000, zikakataliwa, akapandisha hata 100,000, zikakataliwa pia. Wako walioona kuwa huo ni unyonge. Lakini mtu anayeweza kununua kwa mali kitu ambacho bei yake nyingine ni damu, akaacha kununua, huyo si shujaa.

Basi katika Agosti 1179 akaenda na jeshi lake, naye ana siku chache tu. Mfalme alikuwa Tabariya akikusanya watu, na umbali wake ulikuwa wa karibu sana. Kuijenga manjaniki na kuupiga ukuta kidogo kidogo kungalichukua majuma. Salahuddin akachagua kuchimba. Akawagawia maamiri wake sehemu za ukuta, kila mmoja na wachimbaji wake, wakafanya kazi usiku na mchana huku wapiga mishale wakiwalinda kwa mvua ya mishale.

Wakachimba, wakasimamisha nguzo, wakatia moto, wakangoja. Ukuta haukuanguka. Ulikuwa mnene kuliko walivyokadiria, na shimo lao halikufika mbali ya kutosha. Ukuta ukasimama vile vile juu ya tanuri, na mfalme yuko njiani.

Hebu fikirini, ndugu zangu, hali ya jemadari katika saa ile. Wachimbaji hawawezi kurudi ndani kwa kuwa njia inawaka moto, na moto ukiachwa ujizimie wenyewe siku zitapita. Salahuddin hakumkaripia mtu wala hakumtafuta wa kumlaumu. Alitangaza kuwa kila atakayeleta kiriba cha maji na kukimwaga katika shimo lile atapewa dinari moja ya dhahabu. Watu wakauendea mto mbio, wakabeba viriba mbele ya mishale ya adui, wakamwaga, hata moto ukazimika. Kisha wachimbaji wakaingia tena katika mawe yaliyo moto na moshi usiokwisha, wakaongeza kina na upana, wakatia nguzo mpya na kuni mpya. Moto ukawashwa marra ya pili. Alfajiri, mwisho wa Agosti, ukuta ukaporomoka na Waislamu wakaingia. Mfalme alipotoka Tabariya aliuona moshi kwa mbali, akajua kuwa amechelewa.

Waliotekwa walikuwa yapata 700, na wengi wao waliuawa. Siwezi kulipamba jambo hili. Nyakati zile zilikuwa na desturi zake, na kila upande ulikuwa na damu juu ya mikono yake. Lakini mwenye kuandika khabari za watu wakubwa akaacha yanayochoma, huyo aandika sifa wala haandiki khabari. Maiti wengi walitupwa katika kisima cha husuni ile, na joto la Agosti likafanya kazi yake. Maradhi yakaingia katika kambi ya Waislamu, na maamiri zaidi ya 10 waliokuwa wametoka salama vitani wakafa kwa maradhi yale. Salahuddin akaivunja husuni hata msingi, akaondoka. Jina la mahali pale likawa kweli kwa pande zote mbili.

Katika zama zetu, tangu 1993, wataalamu wa mambo ya kale walipachimba mahali pale. Walikuta husuni ambayo haikuwahi kumalizika kujengwa, na mifupa ya watu na wanyama waliokufa siku ile, na zana za wajenzi. Wakakuta vile vile kuwa husuni ile ilijengwa juu ya ufa wa ardhi. Matetemeko yaliyokuja baadaye, la 1202 na la 1759, yaliusukuma upande mmoja wa ukuta ukaachana na mwingine karibu mita 2. Wajenzi wale waliwaogopa wachimbaji, kumbe chini ya wachimbaji palikuwa na kubwa zaidi.

Baitul Maqdis

Si kila husuni iliyomnyenyekea. Alizingira Karak katika mwaka 1183, na tena 1184, marra zote mbili akaondoka mikono mitupu. Lakini tarehe 4 Julai 1187, katika joto la Hittin, jeshi zima la Wafaranji lilivunjika kwa kiu na kwa upanga, na mfalme wao akatekwa. Sultani alimpa mfalme maji ya baridi kwa mkono wake na kumhifadhi roho yake. Lakini askari watawa waliotekwa, yapata 200, aliwaamuru wauawe.

Miezi miwili na nusu baadaye, tarehe 20 Septemba, alifika mbele ya Baitul Maqdis. Aliyeulinda mji alikuwa bwana mmoja wa Kifaranji aitwaye Balian. Siku tano Salahuddin aliushambulia upande wa magharibi bila ya kufaulu. Akautazama mji tena kwa makini, akahamisha kambi yake upande wa kaskazini, karibu na mahali pale pale Wafaranji walipoingilia mwaka 1099. Huko akawaingiza wachimbaji kazini, na wapiga mishale wakaufanya ukuta usimamike na mtu. Tarehe 29 Septemba, sehemu ya ukuta ikaanguka.

Mwaka 1099 Wafaranji walipoingia waliwaua Waislamu na Mayahudi wa mji ule, wake kwa waume, hata ndani ya misikiti. Miaka 88 ilikuwa imepita, na kila askari wa Salahuddin aliikumbuka habari hiyo. Sultani mwenyewe alikuwa amekwisha tamka kuwa atauchukua mji kwa upanga kama ulivyochukuliwa. Balian akatoka kuja kuomba amani, akaeleza kuwa wasipopewa amani watawaua mateka wa Kiislamu waliomo mjini, na wataubomoa Msikiti wa Aqsa na Kubba ya Mwamba, kisha watoke wafe wakipigana.

Hapo ndipo penye mtihani. Ukuta umekwisha anguka, na kisasi ki mlangoni. Salahuddin akashauriana na watu wake, akakubali fidia: dinari 10 kwa mwanamume na 5 kwa mwanamke. Mji ukafunguliwa siku ya Ijumaa, tarehe 27 Rajabu 583, sawa na tarehe 2 Oktoba 1187. Hakuuawa mtu wala haikuporwa nyumba. Masikini maelfu walilipiwa kwa jumla, na ndugu yake Sultani, al-Adil, akaomba watu 1,000 katika waliokosa fidia, alipopewa akawaacha huru. Sultani naye akawaacha wazee wengi waende bila ya malipo. Mimbari aliyoitengenezesha Nuruddin kwa ajili ya siku hiyo, naye akafa asiione, ililetwa kutoka Halab ikawekwa katika Msikiti wa Aqsa. Ilikaa humo hata ilipochomwa moto katika Agosti 1969.

Siku hiyo wachimbaji walifungua ukuta. Lakini kilichoujengea mji jina katika vinywa vya watu, hata vya Manasara wenyewe, ni kile alichokifanya Sultani baada ya ukuta kuanguka.

Akka: kazi inamgeukia

Sasa sikilizeni upande wa pili. Katika Agosti 1189 Wafaranji waliuzingira mji wa Akka, uliokuwa mkononi mwa Waislamu, na Salahuddin akaja na jeshi lake akawazingira wao kwa nyuma. Hali hii ilidumu karibu miaka miwili. Waliokuwa mjini walikata tamaa na kupata tamaa marra nyingi. Palikuwa na mwogeleaji mmoja, jina lake Isa, aliyekuwa akifunga barua na dhahabu kiunoni usiku, akapiga mbizi chini ya merikebu za adui, akatokeza upande wa mji. Usiku mmoja hakuonekana. Baada ya siku kadha wa kadha bahari ilileta maiti pwani, na watu wa Akka wakamtambua. Barua zilikuwa kiunoni mwake, na dhahabu yote haikupungua. Aliifikisha amana akiwa maiti.

Katika mwaka 1191 walikuja mfalme Philip wa Ufaransa na mfalme Richard wa Uingereza. Wachimbaji wao wakaenda chini ya mnara ulioitwa Mnara Uliolaaniwa. Waislamu nao wakachimba kutoka ndani ili kuwazuia. Waandishi wa Kifaranji wenyewe wasimulia kuwa siku moja mashimo mawili yalikutana, na kumbe waliokuwa wakichimba upande wa mji ni mateka wa Kinasara waliofungwa minyororo. Makundi mawili yakapatana pale pale chini, mateka wakatoka, kisha Waislamu wakaliziba shimo. Mfalme Richard akatoa ahadi ya dhahabu kwa kila jiwe litakalotolewa katika ukuta, vipande viwili, kisha vitatu, kisha vinne. Watu wakafa wakiyang'oa mawe kwa mikono. Salahuddin alikuwa vilimani akiutazama ukuta wake ukiliwa namna yeye alivyozila kuta za wengine, asiweze kuuokoa.

Mwanzoni mwa Julai sehemu ya ukuta ikaanguka, na tarehe 12 mji ukasalimu amri. Mwezi uliofuata, fidia ilipokawia katika mazungumzo, Richard aliamuru mateka wa Kiislamu yapata 2,700 wauawe mbele ya mji. Ndugu zangu, hilo lisitufanye tujivune, bali litufanye tuogope. Mwenye kuutegemea ustadi tu, ajue kuwa ustadi hauna mwenyewe. Leo wamtumikia huyu, kesho wamtumikia adui yake.

Sultani abebaye mawe

Baada ya Akka, Salahuddin aliibomoa Asqalan kwa mikono yake mwenyewe ili Richard asiipate ikiwa nzima, na alidhihirisha kuwa afadhali kwake kufiwa na wanawe kuliko kuivunja. Kisha akarudi Baitul Maqdis kungoja. Alijua la kuogopa: wachimbaji. Basi akaamuru handaki lichimbwe mbele ya kuta, katika mwamba, na mtawala wa Mosul akamletea mafundi 50 wa kukata mawe. Mateka walifanya kazi, na askari pia. Sultani mwenyewe alitoka kila asubuhi, akibeba mawe juu ya farasi wake, na wanawe na maamiri wakamfuata; wakaja makadhi na wanavyuoni, nao wakabeba. Aliyesoma sira atakumbuka Mtume wetu (S.A.W.) alivyobeba mchanga pamoja na masahaba katika mwaka 627, walipochimba handaki la Madina kwa shauri la Salman Mfarsi. Richard aliukaribia mji marra mbili, na marra mbili akarudi.

Katika Julai 1192 wachimbaji wa Salahuddin waliangusha ukuta wa Yafa, na mji ukaingiwa. Lakini Richard akaja kwa bahari akaukomboa. Pande zote zilikuwa zimechoka. Tarehe 2 Septemba 1192 mapatano yakafanywa: pwani ikabaki kwa Wafaranji, Baitul Maqdis ukabaki kwa Waislamu, na mahujaji wa Kinasara wakapewa ruhusa ya kuuzuru kwa amani.

Kufa kwake

Alirudi Dimashki, akacheza na watoto wake wadogo, akashikwa na homa. Alifariki siku ya Jumatano, tarehe 27 Safar 589, sawa na tarehe 4 Machi 1193. Umri wake kwa miaka ya mwezi ulikuwa 57. Ilipofunguliwa hazina yake mwenyewe, hakuonekana humo ila dirham 47 na dinari moja tu ya dhahabu. Hakuacha nyumba wala shamba, na vyombo vya maziko yake vilikopwa. Yeye aliyetoa dinari kwa kila kiriba cha maji pale Baitul Ahzan, alibakiwa na moja.

Miaka 98 baada ya kufa kwake, katika Mei 1291, Sultani al-Ashraf Khalil wa Misri aliurejesha mji wa Akka, na minara yake iliangushwa na wachimbaji. Kazi ile iliendelea. Mahali pa kuni na mafuta pakaingia baruti. Tarehe 7 Juni 1917, huko Messines katika nchi ya Ubelgiji, Waingereza walilipua mashimo 19 chini ya Wajerumani alfajiri moja, na maelfu ya watu wakafukiwa.

Haya ndiyo niliyotaka kuyakumbusha. Ukiulizwa nani aliyeangusha ukuta wa Baitul Maqdis, utasema Salahuddin, na utakuwa umesema kweli. Lakini wale watu wa Halab na wengineo walioingia marra ya pili katika shimo la moto, hapana kitabu kinachotaja majina yao. Kila chama na kila msikiti na kila chuo kina watu kama hao: waliochimba msingi, waliobeba maji, waliotoa senti zao wasiandikwe. Tunapomsifu mkubwa, tuwakumbuke nao katika dua zetu. Na sisi tujiangalie chini ya kuta zetu wenyewe, kwani mara nyingi nyumba haiangushwi na anayeipiga kwa nje. Huangushwa na ugomvi na wivu unaong'oa jiwe moja moja gizani na kuweka kijiti mahali pake, na wenyeji wako juu wakidhani kuwa wamesimama juu ya mwamba.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sultani Salahuddin na wote waliokuwa pamoja naye, na atusamehe sisi na wao. Amin.